Maswali ya Wasomaji: Uwanja wa Mita 200, Mbio za Dakika 12 na Maji ya Ziwa

Maswali ya safari hii yote yanahusu somo la michezo shule za sekondari, lile ambalo wanafunzi wengi hulifupisha kuwa PE. Yametoka pande mbalimbali za Ziwa Viktoria. Yaliyofanana tumeyaunganisha kuwa moja.

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha somo la michezo sekondari huku Sengerema. Uwanja wetu ni mdogo, hautoshi mzunguko wa mita 400. Tulichora wa mita 200 wenye njia nne kwa kufuata vipimo vya kitabuni, lakini kila tukishindanisha, wanaopangiwa njia za nje wanalalamika kuwa wanaonewa. Tumekosea wapi?
Mwalimu, Sengerema

JIBU: Mwalimu mwenzetu, wanaolalamika wana haki. Vipimo vinavyonakiliwa vitabuni vya kumtanguliza mkimbiaji wa njia ya nje ni mita 7.04 kwa njia ya pili, 14.70 kwa ya tatu na 22.37 kwa ya nne. Hivyo ni vya uwanja wenye kizingiti kilichoinuka ukingo wa ndani. Penye kizingiti, njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni, kwa kuwa mkimbiaji hujitenga nacho asijikwae. Njia zinazobaki hupimwa sentimita 20 kutoka mstari wao wa ndani. Uwanja wa chokaa hauna kizingiti, kwa hiyo hata njia ya kwanza inapimwa kwa sentimita 20. Hizo sentimita 10, zikizungushwa uwanja mzima, zinazaa sentimita 63. Maana yake, kila aliye njia ya pili, ya tatu au ya nne anakimbia sentimita 63 zaidi ya mwenzake wa njia ya kwanza. Mbio za mita 200 huamuliwa kwa pungufu ya hapo.

Kwa uwanja wa chokaa, mtangulize wa njia ya pili kwa mita 7.67, wa tatu 15.33, wa nne 23.00. Vipimo hivyo ni vya mzunguko mmoja kamili, na havibadiliki uwanja uwe wa mita 200, 300 au 400, kwa sababu vinatokana na upana wa njia tu: mita 1.22 mara 2 mara 3.1416. Mkikimbiza mita 400, yaani mizunguko miwili kila mtu ndani ya njia yake, zidisheni mara mbili: 15.33, 30.66 na 45.99.

Lipo kosa jingine kubwa zaidi: kuchukua 7.04 na kuirudia kwa kila njia, hivi kwamba ya nne inapata mita 21.12. Hapo mkimbiaji wa njia ya nne amenyang'anywa mita 1.88. Angalieni daftari lenu la vipimo; tunashuku ndilo lililowapata.

Mkiamua kuchora upya, anzeni na vigingi viwili katikati ya uwanja, vikiachana mita 50 kamili. Hivyo ndivyo vitovu vya kona zenu. Kutoka kila kigingi zungusheni nusu duara la mita 15.72, na huo utakuwa mstari wa ndani wa njia ya kwanza. Mistari inayofuata ni mita 16.94, 18.16, 19.38 na 20.60. Kila kipimo kinaishia ukingo wa nje wa mstari, na unene wa chokaa, sentimita 5, uangukie upande wa ndani. Mkimbiaji wa njia ya kwanza atakuwa anapita mita 15.92 kutoka kwenye kigingi, na mzunguko wake unafika mita 200 na ziada ya sentimita 3 hivi. Ziada si dhambi. Upungufu ndio unaoharibu muda.

Sehemu zinazonyooka zinaunganisha ncha za nusu duara hizo, na hapa ndipo uwanja unapopinda bila watu kujua. Ncha nne za mstari wa ndani zinatengeneza mstatili wa mita 50 kwa 31.44. Pimeni pembe kwa pembe, mshazari: pande zote mbili zisome mita 59.06. Zikitofautiana, kona moja imekaa upande. Sogezeni vigingi vya ncha mpaka zilingane, ndipo mguse chokaa. Eneo lote litataka kama mita 92 kwa 42, bila kuhesabu nafasi ya kusimamia watu.

Msitumie kamba ya nailoni. Inavutika, na anayevuta kwa nguvu zaidi ndiye anayeamua ukubwa wa kona. Tepu ya chuma au waya mwembamba usiovutika unafaa. Chokaa iwe ile ya kupaka ukuta, iliyokwisha kuzimwa. Chokaa mbichi ikikutana na jasho inaunguza ngozi na macho. Mahali pa kuanzia pa njia ya pili kwenda nje papimwe kwa kuufuata upinde wa kona, sentimita 20 kutoka mstari wa ndani wa njia hiyo. Tepu ikinyooshwa kukata kona, kipimo chote kinaharibika.

Neno la mwisho kwako: mbio za mita 100 zitafutieni mstari mnyoofu pembeni. Kona kali kama hizi zinakula kasi, na muda utakaopatikana haufai kulinganishwa na wa shule nyingine. Na anayeshika saa aibonyeze anapoona ishara ya kuanzia, asingoje sauti. Sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kufika mita 100, kwa hiyo anayengoja filimbi anamzawadia kila mtu muda ambao hakuukimbia. Tumieni mbao mbili za kugonganisha juu ya kichwa, zionekane. Muda wa saa ya mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata: 12.61 inaandikwa 12.7.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu, Ilemela. Nakimbia mita 800. Mita 600 za kwanza niko mbele, halafu miguu inakuwa kama si yangu. Mwalimu wetu alisema mfumo wa kwanza wa nishati unakwisha, unaingia wa pili, kisha wa tatu. Mbona mimi wa tatu hauingii?
Mwanafunzi, Ilemela

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Unaingia, tena ulishaingia zamani. Mifumo hii haipokezani kama vijiti. Yote mitatu inaanza kazi mara tu unapoondoka kwenye mstari. Kinachobadilika ni upi unatoa sehemu kubwa zaidi. Akiba ya ATP (kemikali inayoupa msuli nishati) na fosfeti ya kreatini iliyomo ndani ya msuli ndiyo inayobeba mzigo sekunde 10 za mwanzo hivi. Kuvunja sukari bila oksijeni kunashika nafasi ya mbele hadi kufikia dakika moja au mbili. Njia ya oksijeni inapanda polepole, na katika mita 800 inachangia zaidi ya nusu ya nishati yote. Ukiulizwa kwenye mtihani, jibu la "kwanza huu, ukiisha huu" litakupotezea alama.

Kinachokupata mita 200 za mwisho ni deni la mwanzo. Ukitoka kwa kasi ambayo oksijeni haiwezi kuifikia, unavunja sukari kwa haraka, na ayoni za hidrojeni zinajaa ndani ya msuli na kuuzuia kujikunja vizuri. Wengi huilaumu asidi ya laktiki peke yake, lakini laktati yenyewe mwili huitumia tena kama chakula cha misuli na moyo.

Dawa ni kugawa mwendo. Kama lengo lako ni dakika 2 na sekunde 20, kila mita 200 ni sekunde 35. Jiruhusu kuwa mbele ya ratiba kwa sekunde moja au mbili mwisho wa mita 400, isizidi hapo. Mazoezini kimbia mita 200 mara sita kwa sekunde 35, ukipumzika dakika mbili kila baada ya moja. Ukiona ya kwanza umekimbia kwa 31 na ya sita kwa 38, tatizo tumelipata. Najua utanitajia Filbert Bayi, aliyeongoza tangu mwanzo mpaka mwisho huko Christchurch mwaka 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Sawa, lakini Bayi aliujua mwendo wake. Wewe kwa sasa unakisia.

SWALI: Tulifanya jaribio la Cooper, la kukimbia umbali mrefu kadiri uwezavyo kwa dakika 12. Mara ya kwanza nilipata mita 2,400, baada ya mwezi nikapata 2,250, na nilikuwa nafanya mazoezi! Inawezekana mazoezi yamenirudisha nyuma?
Kidato cha nne, Muleba

JIBU: Inawezekana, ila kwanza litilie shaka jaribio lenyewe. Kwa kanuni ya Kenneth Cooper, unatoa 504.9 kwenye umbali wako kisha unagawanya kwa 44.73. Mita 2,400 zinatoa 42.4 na 2,250 zinatoa 39.0. Hicho ni kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia: mililita kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kushuka namna hiyo kwa mwezi mmoja, kwa mtu mwenye afya anayefanya mazoezi, mara nyingi ni kosa la upimaji.

Mlikimbia saa ngapi? Jaribio la saa 12:30 asubuhi na la saa 8 mchana si jaribio moja. Juani mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi kujipoza, na misuli inapunguziwa. Mzunguko ulikuwa ule ule? Mkihesabu mizunguko kamili tu na kuacha kipande cha mwisho, kwenye uwanja wa mita 200 mnaweza kupoteza karibu mita 200 nzima. Pigeni vigingi kila mita 20, filimbi ikilia kila mtu asimame alipo, na mwenzake asome kigingi cha karibu. Kila mkimbiaji awe na mtu wake wa kumhesabia. Kujihesabia huku unahema hakuaminiki.

Halafu mwendo. Mita 2,400 kwa dakika 12 ni mita 200 kila dakika, hesabu rahisi kuliko zote. Anayefungua mzunguko wa kwanza kwa sekunde 45 atatembea ule wa nane. Kama hayo yote yalikuwa sawa na bado umeshuka, pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujaondoka kitandani, hesabu sekunde 30 zidisha kwa 2, siku tano mfululizo. Yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo saba au zaidi, pengine hupumziki vya kutosha au una ugonjwa unaokunyemelea, malaria usiisahau. Nenda kapime kabla ya kuongeza mazoezi.

SWALI: Huku Ukerewe tunabishana. Kwenye miruko mirefu, kipimo kinaanzia mguu uliporuka au kwenye ubao? Na tufe la msichana wa miaka 16 ni kilo ngapi?
Wanafunzi wanne, Nansio

JIBU: Kinaanzia kwenye mstari wa ubao, ule ukingo ulio upande wa mchanga, hata kama mrukaji aliruka sentimita 30 nyuma yake. Hasara ni yake. Sifuri ya tepu inashikwa mchangani, kwenye alama iliyo karibu zaidi na ubao, iwe ya kisigino, kiganja au makalio, na kipimo kinasomwa ubaoni. Tepu ikutane na mstari kwa pembe mraba. Akitoka kwa kurudi nyuma kupitia mchangani, mruko umeharibika, kwa hiyo wafundisheni wadogo kutokea mbele au pembeni. Kwa kuwa mchanga wenu ni wa ziwani, uchekecheni kwanza: makombe ya konokono yanakata. Chimbeni kina cha sentimita 30 au zaidi na mlowanishe kidogo, alama zisibomoke.

Tufe la wasichana walio chini ya miaka 18 ni kilo 3. La wanawake ni kilo 4. Shule nyingi zina la kilo 4 tu, na msichana mwepesi akilazimishwa nalo anaishia kulirusha kama jiwe, kiwiko kikitangulia. Hapo bega ndilo linaloumia. Tufe linasukumwa kutoka shingoni, na mkono hauruhusiwi kushuka nyuma ya mstari wa mabega. Duara lina kipenyo cha mita 2.135, basi kamba yenu iwe mita 1.07 kasoro robo ya sentimita. Kupata pembe ya eneo la kuangukia bila kifaa cha kupimia pembe: kutoka kitovu cha duara vuteni mistari miwili ya mita 20, ncha zake ziachane mita 12. Uwanja ukiwa mfupi, mita 10 kwa 6 inatoa pembe ile ile.

SWALI: Ndugu wahariri, binti yangu anataka kuchukua somo la michezo. Majirani hapa Nyegezi wananiambia ni la watoto walioshindwa hesabu. Mimi sina kinyongo na michezo, nauliza tu kama lina njia mbele.
Mzazi, Nyegezi

JIBU: Mzazi, waambie majirani wasome kurasa za juu: ndani yake kuna jiometri, kemia ya misuli na fizikia ya sauti. Njia zipo. Orodha ya tahasusi za kidato cha tano iliyotoka mwaka 2024 imeipa michezo kundi lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha shahada ya ualimu wa elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na hapo kwenu mkoani, wilaya ya Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya.

Tahadhari yetu ni nyingine. Kuchaguliwa timu ya UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) na kusoma somo la michezo ni vitu viwili, na baadhi ya shule huvichanganya. Muulize mkuu wa shule kama somo limo kwenye ratiba ya kila wiki, kama mwalimu wake amelisomea, na kama shule imewahi kuwasajili watahiniwa wa somo hilo. Jibu la swali la tatu likiwa la kuzungukazunguka, fikiria shule nyingine. Na binti asiache Baiolojia kwa namna yoyote.

SWALI: Tunaishi mita 300 kutoka ziwani. Je, ni busara kufundisha kuogelea ziwani, wanafunzi wakiingia asubuhi na mapema na kujifuta haraka wakitoka?
Mwalimu wa michezo, Magu

JIBU: Hapana. Kichocho cha tumbo katika Ziwa Viktoria kinapitia kwa konokono wa maji wanaokaa penye majani na maji yaliyotulia, yaani pale pale ambapo mngechagua kwa sababu hapana mawimbi. Viluwiluwi vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, ni kweli, lakini saa salama kabisa haipo, na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Taulo si kinga ya kutegemea. Ongeza mamba katika baadhi ya fukwe.

Fundisha kuogelea kwenye bwawa lililojengwa na kutunzwa. Kama halipo, nusu ya somo inafanyika nchi kavu: kupiga miguu ukiwa umelala kifudifudi kwenye benchi, mpangilio wa kuvuta mkono na kuvuta pumzi, na zaidi ya yote uokoaji wa kurusha. Chukua dumu la lita 5, tia maji kidogo chini lipate uzito, funga vizuri, lifunge kamba ya mita 15. Kila mwanafunzi ajifunze kulirusha lipite juu ya bega la anayezama na kumvuta, mwenyewe akiwa amelala chini ukingoni. Wengi wanaozama na wenzao ni wale walioingia majini kuokoa. Wanafunzi ambao wamekwisha kuoga ziwani waende kituo cha afya kwa dawa ya praziquantel. Kipimo chake hutegemea uzito wa mwili, na haiui minyoo michanga, kwa hiyo mhudumu anaweza kumwambia mtoto arudi baada ya wiki kadhaa.

SWALI: Radi za huku zinatutisha. Tusimamishe mchezo wakati gani?
Kocha wa netiboli, Musoma

JIBU: Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Zikiwa 30 au chini, radi iko kama kilomita 10 au karibu zaidi, na hiyo inatosha kukufikia hata kama juu yenu ni kweupe. Watoe wote waingie ndani ya jengo kamili au gari lililofungwa vioo. Chini ya mti na kibanda cha makuti hapafai. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 25, hesabu inaanza upya, hata refa akikunja uso.

SWALI: Mtihani wa vitendo ni saa 2 asubuhi. Nile nini? Bibi amenipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.
Kidato cha nne, Misungwi

JIBU: Bibi yuko sahihi. Kula michembe iliyochemshwa au matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa) saa 11:30 alfajiri, kiasi cha bakuli moja, na maji glasi mbili. Punguza karanga siku hiyo, mafuta yake yanakaa tumboni muda mrefu. Ugali mzito na maharage viache kwa jioni iliyotangulia. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani usivijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

SWALI: Nimeteguka kifundo cha mguu, rafiki yangu kanichua kwa dawa ya moto na sasa kimevimba zaidi. Kwa nini?
Mwanafunzi, Buzuruga

JIBU: Kwa sababu joto na kuchua vinafungua mishipa midogo ambayo ilikuwa bado inavuja. Siku mbili za kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, rudia kila baada ya saa mbili au tatu, funga bendeji isiyobana mpaka vidole vikafa ganzi, na lala mguu ukiwa juu ya mto. Kisha jaribu kutembea hatua nne. Ukishindwa, au ukibonyeza mfupa wa kifundo wenyewe ukasikia maumivu makali, nenda hospitali ukapigwe eksirei. Ukiweza, anza kuchezesha kifundo taratibu siku ya tatu, na usirudi kwenye mbio mpaka uweze kuruka kwa mguu huo mmoja mara kumi bila maumivu.